Nani Baba wa Kobe wa Changuu?

Boti kutoka Forodhani, Unguja, hadi kisiwa cha Changuu haichukui hata nusu saa. Mgeni akishuka hupewa mchicha mkononi, huingia uani mwa kobe, na swali lake la kwanza huwa moja tu: huyu ana miaka mingapi? Jibu mara nyingi limepakwa kwa rangi kwenye gamba la kobe mwenyewe. Swali ambalo halina nambari ya rangi, na ndilo lenye mustakbali wa kundi zima, ni jingine: huyu baba yake nani?

Kobe wa Changuu ni kobe wakubwa wa Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli; kwa jina la kisayansi Aldabrachelys gigantea. Wanne wa mwanzo waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Ushelisheli. Wakazaana hata wakafikia kama 200 mwaka 1955. Halafu ukaja wizi, wengine wakauzwa nje, wengine wakaliwa. Mwaka 1988 walikuwa kama 100, mwaka 1990 wamebaki 50, na mwaka 1996 walihesabiwa saba. Mwaka huohuo vitoto 80 vikapelekwa kisiwani, na 40 kati yao vikapotea. Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ikajenga ua mkubwa, na kufikia mwaka 2000 walikuwepo wakubwa 17, wa makamo 50 na vitoto 90.

Tarakimu hizi akizisoma mfugaji, hufurahi. Akizisoma mtu wa vinasaba (DNA), hukaa kitako akachukua kalamu. Kila kizazi, kundi hupoteza sehemu ya utofauti wake wa kijeni, na sehemu hiyo ni moja kugawa kwa mara mbili ya idadi ya wazazi. Wazazi wanne hupoteza moja ya nane, yaani asilimia 12.5. Wazazi saba hupoteza moja ya kumi na nne, kama asilimia 7. Pita kwenye tundu la wanne, kisha kwenye tundu la saba, na kilichobaki ni kama asilimia 81 ya kile walichokuja nacho waasisi, na waasisi wenyewe walikuwa kiganja kimoja tu kutoka bahari ya kobe wa Aldabra. Lengo ambalo bustani za wanyama duniani hujiwekea ni kubakisha asilimia 90 kwa miaka 100. Vitoto vya 1996 viliingiza damu mpya, ni kweli, ila kiasi cha upya huo kinategemea wangapi walisalia kati ya wale 40 ambao hawakupotea na wangapi kati yao walikuwa wa tumbo moja.

Na hesabu hiyo ni ya hisani, kwa sababu inachukulia kuwa kila mzazi amezaa sawa na mwenzake. Uani si hivyo. Dume kubwa kuliko wote huwasukuma wenziwe kwa kifua, huwazuia wasifike kwa majike, na mara nyingi yeye ndiye anayezaa. Tuseme kati ya saba wale, dume anayezaa alikuwa mmoja na majike sita. Kanuni yake ni mara nne ya madume mara majike, ugawe kwa jumla yao: 4 × 1 × 6 ÷ 7. Inakuja 3.4. Kobe saba kwa macho, watatu na kidogo kwa vinasaba.

Kwa wanaadamu tuna usemi wa wazee kwamba kitanda hakizai haramu, na kwao usemi huo huifunga kesi. Kobe hawana kitanda. Wana ua mmoja, madume kadhaa, na jike ambaye mwili wake unaweza kuweka mbegu za dume kwa miaka. Katika jamii za kobe imewahi kuonekana mbegu zikifanya kazi hata baada ya miaka minne. Kiota kimoja huweza kuwa na vitoto vya baba wawili au zaidi. Kwa hiyo mlinzi aliyemwona dume fulani amempanda jike mwezi wa pili, akaandika kwenye daftari kuwa ndiye baba wa mayai ya mwezi wa sita, ameandika alichokiona. Kilichomo ndani ya yai ni habari nyingine. Ukimhamisha dume leo, usitegemee mayai ya msimu ujao yawe ya dume mpya. Mengine yatakuwa bado ya yule uliyemwondoa.

Kazi huanza mchangani

Watu wakisikia kipimo cha vinasaba huwaza maabara. Mimi naona nusu ya kazi iko kwenye kiota. Maabara itakwambia baba kwa uhakika mkubwa pale tu unapomjua mama, na mama hujulikana usiku ule anapotaga, au hajulikani.

Jike huchimba kwa miguu ya nyuma, taratibu, saa kadhaa, huku akilowesha udongo kwa mkojo wake. Akimaliza hufukia na kusindilia, na juu panakauka pakawa kama tofali la udongo. Lazima awepo mtu wa kusoma nambari ya jike huyo kabla hajaondoka, aandike tarehe, na achome kijiti mahali pale. Majike wawili wakichimba sehemu moja usiku mmoja, na uani mchanga laini ni mchache hivyo wanachimba sehemu moja, mayai huchanganyika. Mwenye kiota cha pili hufukua cha kwanza. Hapo usibahatishe. Andika "mama hajulikani, mmoja wa hawa wawili" na maabara wapewe damu ya wote wawili.

Yai likitolewa liwekewe alama ya penseli juu, nambari ya kiota na nambari ya yai, na alama hiyo ibaki juu mpaka siku ya kuangua. Ukiligeuza yai la kobe baada ya kijusi kushika kwenye ukuta wake, umemuua. Kalamu ya wino au maka pen isiguse gamba la yai, maana gamba lina vitundu na dawa ya wino hupenya. Ndani ya mashine ya kuangulia kila kiota kiwe na sanduku lake lenye kifuniko cha wavu; vitoto vikitoka usiku na kuchanganyika, asubuhi hakuna mwenye kujua nani wa nani, na kazi yote ya kukesha imekwenda na maji.

Kitoto kikitoka, kipewe namba siku hiyohiyo. Rangi ya gambani hubanduka, na gamba la mtoto hukua haraka likaipasua. Kikikua cha kutosha kipandikizwe chipu ya utambulisho inayosomwa kwa mashine, ya milimita 12, chini ya ngozi ya mguu wa nyuma wa kushoto, ile yenye tarakimu 15. Isomwe kabla ya kuchomwa, isomwe tena baada ya kuchomwa, na tarakimu zote 15 zinakiliwe. Kosa la tarakimu moja humfanya kobe kuwa mwingine, na kobe ana umri wa zaidi ya miaka mia wa kulibeba kosa hilo.

Damu

Kobe wana zawadi moja ambayo ng'ombe na sisi hatuna: chembe zao nyekundu za damu zina kiini. Kwetu sisi vinasaba kwenye damu hutoka chembe nyeupe tu, zilizo chache. Kwa kobe, kila chembe nyekundu ina nakala nzima. Tone moja linatosha. Kwa kobe mkubwa nusu mililita ni nyingi; kwa kitoto, mililita 0.05 zinatosha kabisa, na kwa kitoto cha gramu 80 kiasi hicho hakifiki hata moja ya kumi ya asilimia moja ya uzito wake. Mpaka wa usalama kwa kobe mzima wa afya ni asilimia moja, kwa hiyo uko mbali nao sana.

Namna ya kuitoa damu bila mapambano, kobe mwenyewe anaifundisha. Mkune shingoni, kisha chini ya kwapa. Atasimama juu ya miguu yote minne, atanyoosha shingo kwa urefu wake wote na kutulia, macho yakilegea. Wageni wa Changuu hufanya hivyo kila siku kwa kupiga picha. Daktari wa mifugo hutumia dakika hizo hizo: mmoja anakuna, mwingine anachukua mkono wa mbele, anasugua ngozi ya kiwikoni kwa brashi na spiriti mpaka tope litoke lote, na kuingiza sindano ya geji 21 au 22 nyuma ya kano nene inayopapasika pale. Tope lisipotoka, vijidudu huingia na sindano. Kitoto hushikwa mkononi, kichwa kikisukumwa ndani polepole kwa kidole, na sindano nyembamba kama ya insulini hupita katikati, pale ngozi ya shingo inapokutana na ukingo wa gamba la juu, ikielekea juu kidogo.

Kikitoka kimiminika cheupe kama maji ya mchele, hicho ni limfu. Mishipa yake inakwenda ubavuni mwa mishipa ya damu. Kitupe, badilisha sindano, jaribu upande wa pili. Ukikichanganya na damu utapata vinasaba kidogo na maabara watakurudishia jibu la nusu. Na aliye na hofu ya sindano kwa vitoto anaweza kutumia kijiti cha pamba ndani ya shavu, asugue nusu dakika. Huleta majibu, lakini huleta pia vinasaba vya majani na vya bakteria, kwa hiyo kwa kobe wakongwe, ambao ndio rejea ya kila kitu, mimi nisingekubali ila damu.

Sasa kijichupa. Hapa ndipo sampuli nyingi za visiwani hufa. Tumia etanoli safi ya asilimia 95 kwenda juu. Spiriti ya dukani ina maji mengi na vitu vilivyotiwa ili isinyweke, na vinasaba humo hukatikakatika. Mililita moja ya etanoli, matone mawili ya damu, si zaidi, na yadondoshwe moja moja huku kijichupa kikitikiswa. Ukimimina damu yote kwa mkupuo huganda ikawa donge kama mpira. Etanoli hailifikii kati, na kati huoza. Kifuniko kiwe cha kuzungusha chenye pete ya mpira, maana vile vya kubofya huvuja, na kwa joto letu la kaskazi etanoli huisha ndani ya wiki mbili na kubaki ukoko mkavu. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi na kikaratasi kitiwe ndani ya kijichupa. Wino wa nje etanoli huufuta kwa tone moja tu likimwagika, na unabaki na vijichupa 30 visivyo na wenyewe. Ukitumia neli yenye dawa ya kuzuia kuganda, epuka heparini, kwani huzuia vinasaba kunakiliwa maabara.

Njia ya pili ni karatasi maalumu ya kufyonza damu: tone moja, ikaushwe kivulini saa mbili tatu, kisha bahasha na pakiti ya chembe za kunyonya unyevu. Wakati wa masika chembe hizo zikaguliwe kila wiki, zikibadilika rangi zibadilishwe. Karatasi ikishika ukungu, ukungu unakula kile ulichokwenda kukitafuta.

Mayai yasiyoangua yasitupwe. Muda wake ukishapita kabisa, yapasuliwe. Kijusi hata cha siku chache kina baba, na kipande cha ukubwa wa punje ya mchele ndani ya etanoli kinatosha. Hii ndiyo njia ya kujua kama mayai ya jike fulani hayaangui kwa sababu hayakupata mbegu, au yanapata mbegu ya ndugu yake na vijusi vinakufa mapema. Tiba ya la kwanza ni dume mwingine uani. Tiba ya la pili ni uzio. Bila kupasua yai utatumia tiba isiyo yake.

Jinsi baba anavyopatikana

Maabara huchukua damu kidogo mno, mikrolita tano mpaka kumi, na fundi aliyezoea damu ya watu akitia mia kama alivyozoea, kichujio huziba. Humeng'enywa usiku mzima kwa kimeng'enya kwenye nyuzi 56, vinasaba husafishwa, kisha vipande maalumu hunakiliwa na kupimwa urefu. Kila kobe ana urefu mbili kwa kila kipande, mmoja wa mama na mmoja wa baba.

Mfano. Mama ana 142 na 150. Kitoto kina 150 na 158. Basi 150 kapewa na mama, na 158 lazima itoke kwa baba. Dume A ana 142 na 146: hana 158. Dume B ana 146 na 158: anayo. Kwa kipande hiki A ametoka, B amebaki. Lakini usimtoe dume kwa kipande kimoja. Huenda mashine imeshindwa kusoma urefu mmoja, au kumetokea badiliko dogo kizazi hiki. Apingwe na vipande viwili au vitatu, ndipo jina lake likatwe. Na kama B hakupingwa na kipande hata kimoja kati ya 15 vilivyopimwa, bado umtazame kaka yake B.

Hapo ndipo kundi la Changuu lingekuwa gumu kuliko kundi la porini. Kobe wanne wa 1919 hawakuweza kuleta zaidi ya urefu nane tofauti kwa kila kipande, na wizi ukazipunguza. Madume wa uani huenda ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, wakafanana kwa nusu ya vinasaba vyao. Vipande 15 vinavyotosha Aldabra havitoshi hapa. Vitamwacha kila kitoto na baba wawili au watatu wanaowezekana. Jenomu ya kobe wa Aldabra, yaani vinasaba vyake vyote, imekwishasomwa, kwa hiyo njia bora sasa ni kusoma herufi moja moja ya vinasaba katika mamia ya sehemu, au maelfu. Kila herufi peke yake haina nguvu, lakini zikikusanyika zinawatenganisha hata ndugu wa tumbo moja.

Anayepeleka sampuli achomeke humo mitego: katika kila sampuli 20, moja irudiwe kwa namba nyingine bila kuwaambia maabara. Majibu mawili ya kobe mmoja yakipishana, umejua kiwango cha makosa kabla hujaamini jambo jingine lolote. Na kumbuka kwamba damu ya kobe huyu, hata tone, iko chini ya mkataba wa CITES, ule wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Kiambatisho cha Pili. Haiondoki Tanzania bila kibali, na vinasaba vilivyokwisha kusafishwa navyo ni hivyohivyo. Kibali kiombwe kabla ya kuchoma sindano ya kwanza.

Majibu yakija

Jedwali la baba na mama likikamilika, kila kobe anahesabiwa undugu wake na kila mwenziwe: mzazi na mtoto robo, kaka na dada robo, ndugu wa mzazi mmoja moja ya nane. Wastani wa undugu wa kobe na kundi zima ndio thamani yake. Mwenye wastani mdogo ndiye mwenye damu adimu, na ndiye azae. Mara nyingi huwa ni dume mdogo anayesukumwa pembeni, aliyelala kivulini ambako wageni hawafiki.

Tazama Española, kimoja cha visiwa vya Galápagos vya Ecuador, ambavyo navyo vina kobe wakubwa wao. Walibaki kobe 14, majike 12 na madume wawili. Wakaongezewa dume wa tatu, Diego, aliyerudishwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego. Mpango ulifungwa mwaka 2020, kobe kama 2,000 wakiwa wamerudishwa kisiwani. Magazeti yalimtangaza Diego kuwa ndiye baba wa kundi. Vinasaba vilimpa kama asilimia 40. Karibu asilimia 60 walikuwa wa dume mwingine mpole, aitwaye E5, ambaye hakuvuma magazetini, na dume wa tatu hakuambulia karibu kitu. Maelfu ya kobe, na baba ni wawili.

Kwa hiyo dawa ni uzio. Sehemu tatu au nne ndani ya ua uleule, dume mmoja na majike watatu wasio ndugu zake, na dume anayezaa sana apumzishwe peke yake. Kwa ajili ya zile mbegu zilizowekwa, misimu miwili mitatu ya kwanza baba wapimwe tena, wasikisiwe. Mayai ya jike aliyekwisha kujaza kisiwa kwa watoto yaanguliwe mawili tu, ya jike adimu yaanguliwe yote. Wengi huona uchungu kuliacha yai zima. Nami nauona, lakini ua na majani vina mwisho, na kila kitoto cha jike yule kinachukua nafasi ya kitoto ambacho hakitapatikana kwingine. Joto la mashine nalo litazamwe: kobe hawa jinsia huamuliwa na joto la kiota, baridi huleta madume na joto huleta majike. Galápagos hutumia nyuzi 28 kwa madume na 29.5 kwa majike, tofauti ya nyuzi moja na nusu tu, ambayo kipimajoto kibovu hakiioni.

Majibu hayo yana kazi nyingine kwa kisiwa kilichopotelewa na vitoto 40. Mwizi hukata ngozi akatoa chipu. Kitoto kikikamatwa bandarini au nchi nyingine, damu yake ikilinganishwa na jedwali la wazazi wa Changuu itasema kimetoka hapa, mama yake nani na baba yake nani, na mbele ya hakimu huo ni ushahidi.

Wa kuanza nao ni wakongwe. Kobe aliyekufa bila damu yake kuhifadhiwa huwaacha watoto wake wote kwenye kukisia, na ingawa mfupa wake unaweza kutoa vinasaba, ni kwa taabu na gharama. Sindano, kijiti cha kukunia, vijichupa vyenye pete ya mpira, etanoli, penseli. Asubuhi na mapema, jua halijawa kali na boti ya kwanza haijafunga nanga, wakongwe huwa bado wamelala pembeni mwa ua, shingo zimenyooka mchangani.